Dawa ya Nyumbani na Uvimbe Usiojulikana

Mtu akiota kitu ngozini, kitu kidogo kisichomwuma, amwonyeshe nani kwanza? Huku Ufipa jibu halina shida. Humwonyesha mama yake, au bibi yake, au mzee wa jirani ajuaye miti. Naye mzee hutazama, hubonyeza kwa kidole, husema, "Hii ni chunjua tu, mjukuu wangu," kisha huenda kuchuma jani au kuvunja tawi la mnyaa. Yote hufanyika kwa upendo, wala hapana adhaniaye ya kwamba pale uani pametolewa hukumu. Lakini imetolewa. Neno lile "tu" ni hukumu, tena pengine ni kubwa kuliko hukumu zote zitakazotolewa juu ya mwili ule. Kwa hiyo mwezi huu twataka kulitazama neno hilo pamoja nanyi, ndugu wasomaji. Sisi si matabibu, nasi hatutajifanya matabibu. Swali letu ni la haki kati ya jirani na jirani: mtu ampaye mwenzake dawa ya kitu asichokijua, ana wajibu gani juu yake?

Kwanza ifahamike ya kuwa hatumo katika kundi la wanaocheka dawa za miti. Watu wa Ufipa waliishi juu ya uwanda huu vizazi vingi kabla ya hospitali, wakilima ulezi na kuyeyusha chuma katika tanuri zao ndefu za udongo, na maradhi yao waliyatibu kwa akili waliyokuwa nayo. Biblia nayo haioni aibu kutusimulia habari za mfalme Hezekia, aliyekuwa na jipu la kumfisha, akawekewa tini juu yake, akapona. Wala hospitali si mgeni wa jana katika nchi hii. Adrian Atiman, mtu wa nchi iitwayo leo Mali, aliuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kaskazini mwa Ufipa penye Ziwa Tanganyika, akatibu watu wa pande hizo mpaka alipofariki mwaka 1956. Ndugu zetu Wakatoliki wameipa hospitali yao ya Sumbawanga jina lake. Basi asiseme mtu ya kwamba majani ni ya Waafrika na darubini ni ya Wazungu. Akili hizi mbili zimekaa katika nchi moja zaidi ya miaka 130, na mgonjwa mmoja huziendea zote mbili, mara nyingi katika juma lile lile.

Natuitazame chunjua yenyewe. Hufungwa uzi au unywele mpaka ikauke, hukatwa kwa wembe, huchomwa kwa majivu ya moto, au hupakwa utomvu wa mnyaa, ule mweupe kama maziwa, ambao ukiingia jichoni waweza kuliharibu. Siku hizi tumesikia hata habari za maji ya betri. Baada ya muda chunjua haipo, na mwenye dawa asifiwa, nayo ni haki asifiwe kwa huruma yake. Walakini chunjua huletwa na kirusi, na mwili wenyewe hujifunza kukifukuza. Kwa watoto, theluthi mbili hivi za chunjua hutoweka katika muda wa miaka 2 pasipo dawa yoyote. Maana yake ni kwamba dawa iwayo yote, hata maji matupu ya mtoni, ikipakwa kwa subira itapata mashahidi wengi. Mashahidi hao hawasemi uongo. Walipaka, na kitu kikaondoka. Wasichokiona ni yule mtoto wa pili, asiyepakwa kitu, ambaye chunjua yake nayo iliondoka. Kwa maana mtoto huyo hana habari ya kusimulia, na hapana amwulizaye.

Hatari huanza pale dawa iliyopata sifa kwa chunjua inapopelekwa kwenye kitu kinachofanana nayo.

Wengi wetu twadhani ya kwamba kansa ya ngozi ni ugonjwa wa watu weupe. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hujikinga na jua kuliko nyeupe. Lakini iko kansa moja kali, madaktari huiita melanoma, ambayo kwa watu weusi hupenda kuota mahali ambapo weusi wao ni haba: katika nyayo, katika viganja, na chini ya kucha. Huanza kama waa jeusi lisilouma. Sasa fikirini mkulima wa huku kwetu, apandaye na kupalilia bila viatu: akiona waa jeusi unyayoni atadhani nini? Atadhani ni mwiba uliovunjika ndani, au damu iliyovilia alipojikwaa. Atauchokoa kwa sindano. Likianza kutoa maji atalifunga dawa, na kwa kuwa kidonda cha mguu hakimzuii mtu kushika jembe, miezi itapita. Hakufanya ujinga wowote. Alifanya kama wafanyavyo watu wenye akili, kwa kulifananisha jambo jipya na jambo alilolizoea. Ndipo ilipo shida.

Tena kuna makovu ya moto. Uwanda wetu uko juu, mji wa Sumbawanga wenyewe wapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Watu huota moto ndani ya nyumba, watoto huanguka motoni, na wenye kifafa huanguka hata wakiwa watu wazima. Kovu hukaa kimya miaka 20 au 30, kisha siku moja hufunguka, likawa kidonda kisichofunga, chenye kingo nene zilizoinuka. Huko Ufaransa daktari Jean-Nicolas Marjolin aliandika mwaka 1828 habari za vidonda viotavyo juu ya makovu, na hata leo kansa ya namna hiyo yaitwa kwa jina lake. Kwetu kidonda kisichopona huitwa donda ndugu. Jina hilo latushangaza kila tulisikiapo, kwa jinsi linavyosema kweli: kidonda kimekuwa mtu wa nyumbani, huoshwa asubuhi, hufungwa jani jioni, wala hapana akumbukaye tena kuuliza kilitoka wapi na chataka nini. Na viko vivimbe vingine, vya rangi ya zambarau, viitwavyo Kaposi, vitokeavyo sana kwa wenye virusi vya Ukimwi wasiotumia dawa. Navyo hupakwa marhamu kama upele.

Habari za ndugu zetu wenye ualbino zataka neno la peke yake. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 1,400 amezaliwa hivyo. Nchi nzima ilitetemeka mwezi wa Februari 2013, wakati katika mkoa wetu wa Rukwa mwanamke mmoja na mtoto mmoja walipokatwa mikono kwa siku chache zilizofuatana, na watu waovu wakitafuta utajiri kwa uchawi. Tukalia, tukahubiri, na ilikuwa lazima. Walakini auaye wengi zaidi katika ndugu hawa si mwenye panga, ni jua. Nalo jua la uwandani, ingawa upepo wake ni baridi, ni kali kuliko watu wadhanivyo. Madoa na magamba huanza utotoni usoni, masikioni na shingoni. Hupakwa mafuta, hupakwa majani, mama huambiwa ya kwamba watoto wa namna hii ndivyo walivyo. Katika hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye uhusiano wa siku nyingi na Kanisa letu, kiko tangu mwaka 1992 chuo cha kufundisha utabibu wa ngozi, na huko hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao. Kofia pana, shati la mikono mirefu, mafuta hayo, na mtu wa kuwatazama ngozi mara kwa mara: hivyo tu vingewapa wengi uzee. Twaogopa ya kwamba tumejifunza kuwalinda na adui mmoja, tukamwacha huyu mwingine aingie mchana kweupe.

Sasa, kuna ubaya gani kuchoma kitu cha namna hii kwa dawa ya nyumbani? Ubaya wake hauko katika uchungu. Ni kwamba dawa ya kuchoma hula kilicho juu, ngozi ikafunga, na watu wakashangilia, hali mzizi ungalimo. Jambo hili lajulikana hata katika nchi zenye hospitali kila mtaa. Huko Marekani watu wengi wamejipaka marhamu nyeusi yenye dawa za kuunguza, wakiamini ya kwamba hung'oa kansa na kuiacha nyama nzima; serikali yao imewaonya mara nyingi, kwa kuwa madaktari wamewapokea watu wenye kovu zuri juu na kansa iliyosambaa chini yake. Tena kitu kilichochomwa humnyima daktari ishara zake. Maana daktari naye, tusidanganyane, hawezi kujua kwa macho matupu siku zote. Hukata kipande kidogo, hukitia katika dawa kisioze, hukipeleka kwa mtaalamu wa maabara, naye hukikata vipande vyembamba mno na kuvitazama kwa darubini. Tofauti ya kwanza kati ya yule mzee wa uani na yule wa maabara ni hii: wa maabara hasemi "tu" kabla ya kutazama.

Lakini tunajua mtajibu nini, maana jibu hilo twalisikia barazani tangu zamani: "Kisu huiamsha kansa. Fulani alikuwa mzima, akakatwa, akafa." Natulipime neno hili kwa uangalifu, kwa sababu wanaolisema wameona kweli. Fulani alikatwa, naye akafa. Ila alipofika kwa mwenye kisu alikuwa amekwisha kutembea na kitu chake miaka 2, amekwisha kuchomwa mara 3, na matezi ya kinena yamekwisha kuvimba. Kisu kilikuja mwisho wa safari, kikachukua lawama ya safari nzima. Aliyekatwa mapema akapona amerudi shambani, wala hapana amtajaye, kwa kuwa watu husema, "Kumbe hakikuwa kitu kikubwa."

Tazameni jinsi tunavyoandika hesabu hii. Mgonjwa afiaye hospitali, kifo chake huandikwa juu ya hospitali. Mgonjwa afiaye nyumbani baada ya majani ya miaka miwili, kifo chake hakiandikwi juu ya majani. Huandikwa juu ya mapenzi ya Mungu, au, vibaya zaidi, juu ya jirani fulani mwenye macho mekundu. Mji wetu waitwa Sumbawanga, na kila mtu hapa ajua ya kwamba kwa Kifipa maana yake ni kutupa uchawi. Wazee waliotaja mahali hivyo walikuwa na sababu zao. Nasi twasema ya kwamba kitu kimoja kiuletacho tena uchawi mjini ni kifo kisichoelezwa. Mama amezikwa kwa kidonda cha mguu. Kila mtu alimpa dawa. Hapana aliyetaka dawa yake ichunguzwe. Basi lazima apatikane mtu wa kulaumiwa. Dawa isiyoulizwa huwaumiza watu wawili, mgonjwa na msingiziwa.

Hapo ndipo twaona tofauti ya haki, nayo haiko kati ya jani na kidonge. Liko ua dogo, jeupe au la rangi ya waridi, lipandwalo katika nyua nyingi za Afrika Mashariki kwa uzuri wake. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Huko Jamaika watu walikunywa maji ya majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Majani yalipelekwa Kanada, na katika miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer wakayachunguza. Kwa sukari hawakuona faida waliyoitafuta. Waliona jambo jingine, kwamba yalipunguza chembe nyeupe za damu, na kutoka hapo zikapatikana dawa za kansa, ambazo moja yake, vinkristini, hutumika mpaka leo kutibu Kaposi katika hospitali zetu. Jani lile lile! Ila lilipimwa, nguvu yake ikatengwa na sumu yake ikajulikana, na mgonjwa hupewa kiasi kilichohesabiwa.

Na mfano wa pili twaupenda zaidi, kwa kuwa hauisifu hospitali. Kuna mmea mdogo, jamaa ya mnyaa wetu, uitwao Euphorbia peplus. Watu wa Australia walikuwa wakijipaka utomvu wake juu ya madoa ya ngozi, kama tufanyavyo sisi. Wataalamu wakautwaa utomvu huo, wakatengeneza dawa ya kupaka madoa ya jua yaelekeayo kuwa kansa, ikaitwa Picato, ikaruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2012. Pengine mzee wa uani angecheka na kusema, "Nilikwambia." Lakini waliendelea kuwafuata waliopakwa, wakahesabu, wakaona ya kwamba katika uchunguzi mmoja kansa ya ngozi ilitokea zaidi mahali palipopakwa dawa hiyo kuliko palipopakwa dawa nyingine. Mwaka 2020 ikaondolewa katika nchi za Ulaya. Dawa iliyoleta fedha nyingi ikaondolewa kwa sababu mtu alishika daftari. Je, ni lini dawa ya nyumbani ilipata kuondolewa? Nani aliyepata kuwaita majirani na kuwaambia, "Dawa yangu niliyowapa watu 10, nimewafuata, wawili wamekufa, basi siitoi tena"? Hatusemi hili kwa kuwashtaki wazee wetu. Hapana aliyewapa daftari, na wagonjwa wao huchukuliwa na kwenda kufia kwa ndugu wa mbali. Hata hivyo jambo lenyewe ndilo hilo.

Katika Katekisimo twafundishwa kwa amri ya nane habari za ushuhuda juu ya jirani. Tumezoea kuifikiri kama amri ya barazani na mahakamani, juu ya masengenyo na kesi za mipaka ya mashamba. Nasi twaona ya kuwa yafika mpaka uani penye dawa. Mtu akisema, "Paka hii, mimi ilinitoa kansa," ashuhudia mambo mawili: ya kwamba alikuwa na kansa, na ya kwamba dawa ndiyo iliyoitoa. La pili pengine aliliona. La kwanza hakulijua kamwe, maana hapana aliyepata kukitazama kitu chake. Amepona nini? Ushuhuda wake una kweli nusu, na jirani ataweka mguu wake juu ya ile nusu nyingine.

Wala hatuwezi kupita kimya mbele ya mlango wetu wenyewe. Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, huko Loliondo, kilijaa watu wa pande zote za Tanzania na za nchi jirani, hata magari yakajipanga kilomita nyingi porini. Walikwenda kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, aliyewapa kikombe kimoja cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500, akisema ya kwamba Mungu alimfunulia ndotoni. Walipeleka kisukari, walipeleka Ukimwi, walipeleka kansa za kila namna. Wengine walifia katika mstari ule kabla ya kukifikia kikombe. Wengine walikinywa, wakarudi nyumbani wakaacha dawa zao za hospitali. Mzee huyo alifariki Julai 2021, nasi hatumhukumu. Bei yake haikuwa bei ya mwizi. Tunalolitazama ni mashahidi. Aliyerudi akijisikia ana nguvu alisimama kanisani akasema. Aliyerudi akazikwa baada ya miezi sita hakusimama. Kanisa lililosikia upande mmoja tu wa baraza lingewezaje kuamua? Na sisi tuliokuwa tukiimba siku zile, wangapi kati yetu walikwenda baadaye kuwatazama waliokunywa?

Liko jambo jingine, la nani aamuaye. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika, ambaye vijana wetu huvaa picha yake kifuani mpaka leo, aliambiwa mwaka 1977 ya kwamba chini ya ukucha wa kidole chake kikubwa cha mguu pana melanoma. Alishauriwa kidole kikatwe. Akakataa, na wengi husema alikataa kwa sababu ya imani yake. Ugonjwa ukasambaa. Miezi yake ya mwisho alikwenda Ujerumani kwa tabibu ambaye njia zake hazikukubaliwa na matabibu wenzake, na tarehe 11 Mei 1981 akafa katika mji wa Miami, umri wake miaka 36. Mtu aweza kuhuzunika kwa uamuzi ule, lakini ulikuwa uamuzi: aliambiwa kitu ni nini, akajua, akachagua. Yule mama wa bondeni Rukwa mwenye waa unyayoni hakuchagua lolote. Alichaguliwa na wakwe, na baba mkubwa, na dada wa mume mwenye dawa yake, kila mmoja akimpenda, wala hapana aliyemwambia ya kwamba liko swali. Tena mtoto mwenye ualbino hawezi kuchagua hata akiambiwa. Twaona heshima kwa wazee haivunjwi mgonjwa akisema, "Baba, nipe dawa yako, lakini kwanza nataka kujua nina nini." Wazee wenye hekima hulikubali neno hilo upesi kuliko tudhanivyo; walio wagumu mara nyingi ni wale walioanza uganga juzi, wenye kibanda sokoni na kipaza sauti.

Lakini ndugu, tukiishia hapa tutakuwa tumesema kama watu walioshiba. Kwa mtu wa Sumbawanga mjini hospitali ya mkoa iko karibu. Kwa mtu wa ufukweni mwa Tanganyika au wa chini bondeni ni safari. Na akifika, pengine ataambiwa aende Mbeya, zaidi ya kilomita 300, na kutoka huko Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mbali kuliko kilomita 1,000 kutoka kwake. Nauli, chakula cha msindikizaji, shamba lisilopaliliwa. Pengine amepata kufika zahanati fulani, akakuta mlango umefungwa, au akasemeshwa kwa ukali mbele ya watu, akaapa kutorudi. Jani la uani halimsemeshi mtu kwa ukali, wala halitaki nauli. Mara nyingi tukiona mtu amechagua dawa ya nyumbani, hakuwa na viwili vya kuchagua. Basi amwambiaye maskini, "Nenda hospitali," kisha akaingia ndani kula, hakumzidi sana yule aliyempa utomvu wa mnyaa. Huyu angalau alivunja tawi. Sharika zetu hukusanya michango ya arusi kwa majuma machache tu, na fedha zikapatikana. Nauli ya mtu mmoja na msindikizaji wake kwenda Mbeya ni ndogo kuliko ya gari moja la maharusi, na kipande kikikatwa mapema mara nyingi shughuli huishia hapo hapo kwa kisu kidogo na nyuzi chache.

Twaongeza ishara chache, jinsi matabibu wanavyozifundisha, ili mwenye kuona asisite. Kitu kinachokua au kubadili rangi na umbo. Kitu kitokacho damu kwa kuguswa kidogo. Kidonda kisichofunga baada ya juma la nne. Waa jeusi la unyayo au la kiganja, au mstari mweusi wa ukucha mmoja unaopanuka. Kovu la zamani lililofunguka. Gamba au kidonda cho chote katika uso wa mwenye ualbino. Hivyo visipakwe kitu, visifungwe uzi, visiguswe na wembe. Visafishwe kwa maji safi, vifunikwe kwa kitambaa safi, na mtu aondoke. Na kama amekwisha kupaka, aseme amepaka nini, wala asione aibu, na mganga wa hospitali asimcheke, maana jina la jani lile lamsaidia kujua anachokitazama.

Kisha huja majuma ya kungoja, kwa kuwa kipande huenda mbali na majibu hukawia kurudi. Mgonjwa hukaa nyumbani hana dawa yoyote mkononi, na usiku wa uwandani ni mrefu. Hapo yule bibi mwenye majani ana kazi ambayo hospitali haiwezi kumfanyia. Ampikie uji wa ulezi, amwoshe mguu ule mwingine kwa maji ya vuguvugu, ampeleke jua la asubuhi ukutani pasipo upepo, naye aketi karibu, amsimulie habari za watu wa zamani mpaka usingizi umchukue.